Mwanasesere wa Helen

Hapa kambini kuna mtoto kiziwi wa miaka kama tisa. Watu wanamwita Bubu tu, na jina alilopewa na mama yake hajawahi kulijua. Mwaka jana alitoboa kwa msumari mpira pekee wa kikundi chetu cha vijana, halafu akasimama anatuangalia. Nikamfukuza uwanjani. Nilisema, huyu hana majuto.

Baadaye nikasoma habari za Helen Keller, nikakosa raha.

Helen alizaliwa mwaka 1880, Tuscumbia, Alabama, Marekani. Akiwa na miezi 19 ugonjwa ukamwacha kipofu na kiziwi. Mwalimu wake, Anne Sullivan, alifika Machi 1887, akawa anamwandikia herufi kiganjani kwa vidole. Helen aliziiga vizuri, lakini kwake ulikuwa mchezo tu; kikombe na maji alivichanganya. Tarehe 5 Aprili somo lilimchosha, akamtupa chini mwanasesere wake, akavunjika. Aliandika mwenyewe ukubwani kwamba hakuona huruma wala majuto. Kisha wakatoka kwenda kwenye pampu. Maji yakawa yanamwagikia mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili mwalimu anaandika jina lake. Hapo ndipo akaelewa kwamba kila kitu kina jina. Waliporudi ndani akavikumbuka vile vipande, akavipapasa, akajaribu kuviunga. Akalia.

Wenzangu, watu husimulia pampu na kumsahau mwanasesere. Kabla ya majina kulikuwa na hasira, na vipande sakafuni, basi. Majina yalipokuja akaweza kurudi nyuma kwa mawazo na kujikuta pale: kumbe ni mimi niliyevunja.

Mwaka 1908, katika The World I Live In, alikwenda mbali zaidi akasema kwamba kabla ya mwalimu hakujua kama yupo. Hapo simkubalii yote. Ni yeye huyohuyo aliyesimulia kwamba utotoni aligusa midomo ya watu wakiongea, akachezesha yake bila kupata kitu, akapiga mateke kwa hasira. Asiyejijua kabisa angejuaje kwamba wenzake wana kitu ambacho yeye hana? Nadhani alijihisi, ila hakuwa na neno la kulishika lile jambo mpaka kesho yake.

Yule mtoto wetu tumempa jina la ishara: kidole kwenye kovu lake, juu ya jicho. Wiki ya tatu aligusa kovu, halafu akajipiga kifuani. Mimi ishara ya "nisamehe" bado sina. Natafuta wa kunifundisha.