Filamu ya Mfuko Mdogo Longonot: Cha Kujitengenezea na Kisichofaa Kujitengenezea

Pwani ina karibu kila kitu cha filamu: bahari, mikoko, magofu, vichochoro vya mji wa kale. Haina mlima wa moto. Ndiyo maana kijana wa Kisauni au wa Lamu mwenye hadithi ya sayari nyingine, ya vita vya kale au ya siku dunia inapoungua, huishia kuutafuta Longonot kwenye ramani. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa mzazi atakayeombwa nauli.

Mlima wenyewe uko Kaunti ya Nakuru, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi ukielekea Naivasha. Kilele chake ni mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Juu kuna kreta kubwa yenye msitu ndani, mvuke hufuka kutoka sehemu za kuta zake, na njia ya kuuzunguka ukingo ina urefu wa kilomita 7 hivi. Jina limetoka katika Kimaasai na maana yake ni mlima wenye matuta mengi. Jirani yake ni Hell's Gate, mahali ambapo Hollywood ilipiga sehemu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyotoka mwaka 2003. Wao walikuja na msafara wa malori. Sisi tunazungumzia kikundi cha watu sita ndani ya matatu moja, simu mbili na begi la vikorokoro.

Mfano ulio karibu: Wakaliga

Anayetaka kujua kazi hii hufika wapi atazame Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo jijini Kampala. Huko Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, na watu wakaibandika jina la Wakaliwood. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inatajwa kugharimu chini ya dola 200 za Marekani. Kompyuta za kuhariria aliziunda mwenyewe kutokana na vipande vya zile zilizokufa. Fundi wa kikundi, Dauda Bisaso, aliunganisha bunduki za bandia kwa vyuma chakavu. Kitambaa cha kijani kilitundikwa ukutani. Helikopta, moto na mabomu vikatiwa baadaye kwa kompyuta.

Damu yao mwanzoni ilikuwa ya mnyama, mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Wakahamia rangi ya chakula. Huijaza ndani ya kondomu, wakaifunga chini ya shati, kisha uzi wa kuvulia samaki ukivutwa mfuko hupasuka na damu huruka bila chembe ya baruti. Filamu zilipokamilika, waigizaji wenyewe walizibeba diski mkononi wakazunguka nyumba kwa nyumba kuziuza kabla wezi wa nakala hawajaamka. Mwaka 2019 filamu yao Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada.

Wapo wanaodhani siri ya Wakaliga ni ubovu wa picha. Hawajaitazama sawasawa. Mapigano yale yamepangwa hatua kwa hatua na watu waliofanya mazoezi ya kung fu miezi na miezi. Palipokosekana pesa wametumia muda na watu, na hivyo viwili havionekani kwenye bajeti ya dola 200. Kikundi kinachotaka kuigiza bei bila kuigiza mazoezi kitarudi nyumbani na picha za kuaibisha.

Vya jikoni na vya uani

Damu kwetu ni kazi rahisi. Pika shira kama ya kaimati, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula na kijiko kidogo cha kakao ili isiwe nyekundu ya pipi. Haidhuru ikiingia mdomoni. Ubaya wake ni kwamba huvuta nyuki na inzi, na rangi haitoki kwenye kanzu nyeupe, kwa hiyo tukio la damu lipigwe mwisho.

Longonot inakupa kifaa kimoja ambacho studio kubwa hukichonga kwa povu: jiwe jepesi la volkano, lenye vitundu, la jamii ya lile la kusugulia nyayo. Ardhi ya pale imejaa majivu na mawe ya namna hiyo. Jiwe kubwa kama mtungi, mwigizaji mwembamba analiinua juu ya kichwa, na macho ya mtazamaji yanaapa kwamba ni zito. Mwambie tu atetemeshe mikono na akunje uso. Lakini usiokote ndani ya hifadhi, maana si ruhusa kutoa kitu humo. Tafuta kwenye shamba la mtu, kwa idhini yake. Na usimrushie mwenzako: wepesi wake haulifanyi kuwa pamba. Yale mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yanayopatikana sana upande wa Naivasha, hukata kiganja kama wembe, kwa hiyo hakuna kutambaa wala kuanguka kabla mahali hapajafagiliwa.

Kamera isiyotikisika hailazimu mtambo wa ghali. Miaka mingi iliyopita Mmarekani mmoja, Johnny Chung Lee, alieneza mchoro wa kifaa cha dola 14: mabomba matatu ya maji yaliyounganishwa kwa umbo la herufi T, kamera juu, uzito wa kilo moja hivi chini, na mpini ubavuni. Uzito wa chini hufanya kamera isiyumbe haraka mkono unapotikisika. Fundi bomba yeyote wa Majengo atakukatia kwa dakika chache. Kwa kamera inayoteleza, kiti cha magurudumu kinatosha. Ndicho alichosukumwa nacho mpiga picha Raoul Coutard alipopiga filamu ya Godard À bout de souffle, na ndicho alichotumia Robert Rodriguez katika El Mariachi ya mwaka 1992, filamu ya dola 7,000 hivi. Mkokoteni nao ungefaa, ila magurudumu yake hutaka sakafu laini, na Longonot hakuna sakafu.

Jua la huko, kama la kwetu, husimama utosini mchana na kutia macho ya watu ndani ya mashimo meusi. Piga kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Ikibidi mchana, tandaza kitambaa cha bafta juu ya mwigizaji kulainisha mwanga, na mtu mwingine ashike siniya iliyong'arishwa au ubao uliofunikwa karatasi ya foili kuurudisha usoni.

Kuulipua mlima

Hapa ndipo kila kijana anapotaka kufika. Inaaminika Longonot ililipuka mara ya mwisho katika karne ya 19, na hatuwezi kuisubiri. Ulipue nyumbani, ndani ya hodhi la samaki.

Jaza hodhi la kioo maji safi, yaache yatulie mpaka yasicheze kabisa. Nyuma yake tundika kitambaa cheusi. Buibui la zamani lisilong'aa ni bora kuliko karatasi. Mulika taa kutoka ubavuni, isigonge kitambaa. Sasa vuta maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uyasukume taratibu chini ya uso wa maji. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji, hivyo yatashuka yakijikunja na kufura mawimbi kwa mawimbi. Rekodi kwa fremu 120 kwa sekunde. Ukiipindua picha juu chini na kuicheza kwa fremu 24, utaona wingu la majivu likipanda angani kwa uzito wa kutisha. Programu za bure za kuhariri, DaVinci Resolve ikiwemo, zina njia ya kufanya weusi upotee na weupe ubaki. Liweke wingu lako juu ya picha halisi ya mlima iliyopigwa jua likizama, kamera ikiwa imefungwa imara kwenye miguu yake bila kusogea. Mbingu ikiwa nyeupe, wingu halitaonekana. Ndiyo sababu ya kungoja jioni. Maziwa hutia ukungu hodhini baada ya majaribio mawili matatu, basi tenga ndoo kadhaa za maji na siku nzima ya kazi.

Kupunguza mwendo huku kuna hesabu yake, na inafaa pia kwa majahazi ya mfano yale mafundi wa Lamu wanayochonga. Kitu kidogo huanguka na kuyumba haraka, kwa hiyo macho hukijua udogo wake. Dawa ni kurekodi fremu nyingi zaidi: chukua kipuo cha pili cha upungufu wa ukubwa, ndicho kizidisho. Jahazi la mita 15 likichongwa kwa sentimita 60 limepungua mara 25. Kipuo chake ni 5. Fremu 24 mara 5 ni 120, idadi ambayo simu nyingi za leo zinaiweza. Kinachokataa kudanganyika ni matone ya maji, kwa sababu tone halipungui pamoja na jahazi. Chonga kikubwa kadiri unavyoweza.

Sauti huwa ndiyo inayowaumbua wengi. Ukingoni mwa kreta upepo huvuma kutwa. Vika mikrofoni manyoya ya mwanasesere wa mtumba, au mfiche mwigizaji simu ya pili kifuani irekodi kwa karibu, kisha piga kofi moja mbele ya kamera ili uweze kulinganisha sauti na picha baadaye. Mifupa inayovunjika ni muhogo mbichi uliovunjwa karibu na mikrofoni, kazi ya kufanya nyumbani. Wakaliga walikwepa nusu ya tatizo kwa VJ Emmie, anayezungumza juu ya filamu mwanzo hadi mwisho, akitania na kushangilia. Sanaa hiyo si ngeni kwetu. Aliyekulia kwenye vibanda vya video anamjua DJ Afro. Mimi ningependa kuona kikundi cha Pwani kikiandika filamu tangu mwanzo kwa ajili ya msimulizi wa namna hiyo.

Visivyofaa kujitengenezea

Bunduki ya bandia ndiyo ya kwanza. Kuichonga si tabu: mbao nyepesi, rangi nyeusi, vumbi la penseli kwenye kingo ing'ae kama chuma. Tabu ni njia ya kutoka Mombasa hadi Longonot, yenye vizuizi vya polisi, na mashamba ambayo wenyewe hawakujui. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura 114, inatambua silaha ya bandia pamoja na ya kweli pale inapotumiwa kwa nia ya uhalifu, na kijana aliyefunika uso, akashika kitu chenye umbo la bunduki, huenda asipewe muda wa kueleza nia yake. Safirisha vipande vimetenganishwa, ndani ya sanduku lililofungwa, pamoja na barua. Kituo cha polisi cha eneo na chifu wapewe taarifa ya maandishi yenye tarehe na saa, na mtu mmoja wa kikundi, asiyeigiza, asimame barabarani kuwaeleza wapita njia. Bunduki ionekane pale tu kamera inaporekodi. Kama hadithi inaweza kuishi kwa panga la mbao au mkuki, achana na bunduki.

Na asitokee mtu wa kuazima bunduki ya kweli kwa rafiki askari. Oktoba 2021, kule New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwenye seti ya filamu Rust na risasi ya kweli iliyokuwa ndani ya bunduki iliyodhaniwa salama. Ile ilikuwa filamu yenye mamilioni ya dola na mtu maalumu wa silaha.

Moto ni wa pili. Unga wa ngano uliorushwa hewani hutoa vumbi zuri la mlipuko, na hushika moto kwa kishindo ukikutana na cheche. Tumia vumbi lenyewe la Longonot, waigizaji wakiwa na barakoa mpaka dakika ya kurekodi. Kuchoma matairi kwa ajili ya moshi mweusi, kwenye nyasi kavu karibu na hifadhi, sioni hata sababu ya kulijadili.

Tatu ni mahali penyewe. Korongo la Hell's Gate linavutia kuliko ukingo wa Longonot, na wengi huhamia huko kwa sababu ya kivuli chake. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, maji ya ghafla yaliua watu waliokuwa ndani ya korongo hilo. Mvua hunyesha mbali, hapo ulipo mbingu ni safi, na kuta hazina pa kupanda. Msimu wa mvua usipange kazi humo, hata kama mandhari nyingine zimekwisha kupigwa.

Vibali navyo vina gharama ya kuhesabu mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inataka leseni ya kupiga filamu ya kuonyeshwa au kuuzwa. Longonot na Hell's Gate ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo lina masharti yake kwa watengenezaji filamu, mbali na kiingilio. Uliza kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Droni inahitaji kibali chake tofauti. Vikundi vyenye mfuko mwembamba hupiga nje ya hifadhi, kwenye shamba la mtu, mlima ukionekana nyuma. Lipa mwenye shamba, andikeni, na funga geti lake ukitoka. Mpwani asisahau sweta: miguuni mwa mlima ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na betri nazo huisha haraka kwenye baridi ya alfajiri.

Jioni, kabla ya kula, nakili kazi ya siku kwenye diski mbili. Nakala ya asili ya Who Killed Captain Alex? haipo tena, Nabwana aliifuta kompyutani ili apate nafasi ya kazi nyingine, na tunachokitazama leo ni ile yenye sauti ya VJ juu yake. Diski ya pili isirudi Mombasa kwa basi lile lile lililobeba ya kwanza.