Zoezi la 'African Lion': Morocco simba amebaki kwenye jina tu

Ukisikia "African Lion", yaani Simba wa Afrika, unaweza kudhani ni mradi wa kulinda wanyamapori. Sivyo. Ni zoezi kubwa la kijeshi la kila mwaka linaloongozwa na Marekani, na mwenyeji wake mkuu ni Morocco. Kinachoshangaza ni kwamba huko Morocco simba wa porini walishakwisha.

Zoezi lenyewe likoje?

Lilianza mwaka 2004. Siku hizi hufanyika pia Tunisia, Senegal na Ghana. Mwaka 2020 lilifutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2024 lilikuwa na washiriki zaidi ya 8,000 kutoka nchi zaidi ya 25. Wanajeshi huruka kwa miamvuli, hufyatua mizinga na hujifunza kujikinga na silaha za kemikali.

Simba wa Morocco walienda wapi?

Zamani Afrika Kaskazini ilikuwa na simba wa Atlas. Madume walisifika kwa manyoya marefu meusi yaliyoshuka mpaka tumboni. Warumi waliwakamata na kuwapeleka kupigana kwenye viwanja vyao.

Kilichowamaliza hasa ni bunduki. Wawindaji walilipwa zawadi kwa kila simba waliyemuua, huku misitu ikikatwa na wanyama wa kuwindwa na simba wakipungua. Tunisia ilimpoteza simba wake wa mwisho anayejulikana mwaka 1891.

Mwaka 1925, mpiga picha Marcelin Flandrin alimnasa simba mmoja akitembea peke yake milimani Morocco. Flandrin alikuwa ndani ya ndege kutoka Casablanca kwenda Dakar. Inaaminika kwamba mwingine alipigwa risasi mwaka 1942 karibu na njia ya mlimani ya Tizi n'Tichka.

Leo, wanaodhaniwa kuwa wajukuu wa simba hao wako kwenye bustani ya wanyama ya Rabat. Wanatokana na simba waliofugwa na masultani. Jina nalo limebaki kwa timu ya taifa ya soka, Simba wa Atlas, ile iliyofika nusu fainali Qatar 2022.

Wapo waliobaki?

Ndiyo, na hapa ndipo pa kuangalia. Senegal, mwenyeji mwenza wa zoezi hilo, bado ina simba kwenye Hifadhi ya Niokolo-Koba. Hao ni ndugu wa karibu wa simba wa Atlas kuliko hawa wetu wa Afrika Mashariki. Ila simba wa Afrika Magharibi wako hatarini sana: utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria wakubwa wasiozidi 250 tu katika ukanda mzima.

Niokolo-Koba iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2007, ikaondolewa 2024 baada ya ulinzi kuimarishwa. Siri ni kazi ya kila siku: doria za askari wa wanyamapori, kung'oa mitego ya nyaya na kuwalinda swala na nyati wanaoliwa na simba.

Kwetu je?

Tanzania ndiyo inayoongoza kwa simba wengi Afrika. Lakini matatizo ni yaleyale: mitego, sumu, na wafugaji kulipiza kisasi ng'ombe wakiliwa. Morocco nayo iliwahi kuwa na simba wengi.