Kuchuja na kufulia: kilele cha msanii huwa lini hasa?

Wadau, kuna maneno mawili ya mtaani ambayo watu huyachanganya kila jina la msanii wa zamani likitajwa: kuchuja na kufulia. Kufulia ni mambo ya mfuko, jamaa hana kitu. Kuchuja ni mambo ya kazi, yaani bado anatoa ngoma lakini ile rangi yake haipo tena. Nguo hufuliwa kwanza ndipo ichuje. Kwa msanii ni kinyume, anachuja kwanza, kufulia kunakuja baadaye sana, na hapo katikati kuna miaka kadhaa ambayo jina ni kubwa, shoo zinajaa, na mwenyewe hana habari. Hiyo miaka ya katikati ndiyo nataka tuiangalie leo.

Anayetaka kuiona kwa macho aende kwenye shoo za ufukweni Kigamboni siku ya Idi Mosi. Watu wamevuka na pantoni tangu asubuhi (siku hizi wengine wanapita darajani, lilifunguliwa 2016), mchanga umejaa, watoto wana nguo mpya. Msanii anapanda na wimbo wake mpya. Watu wanatulia, wengine ndio wanakumbuka kwenda kununua mishikaki. Halafu DJ anaachia ile ya zamani, na ufukwe mzima unaimba neno kwa neno, hata mtoto ambaye hakuwa amezaliwa ilipotoka. Promota anamlipa kwa ajili ya hiyo ya pili. Ndiyo maana hela ya shoo ni kipimo kibaya cha ubunifu: inakuonyesha mtu alivyokuwa mkali miaka iliyopita. Ubunifu ndio unaofika kileleni kwanza, umaarufu unafuata, na hela inafika mwisho kabisa, wakati mwingine mwenye kipaji ameshaanza kushuka upande wa pili.

Tuchukue mfano wa nyumbani, maana Kigamboni yenyewe ilikuwa ndani ya Wilaya ya Temeke kabla ya kupewa wilaya yake. Juma Nature, jina la kwao Kassim, Sir Nature, Kiroboto. Katika miaka isiyozidi mitano alitoa Nini Chanzo (2001), Ugali (2003) na Ubinadamu Kazi (2005). Wakati huo wasanii wengi walikuwa wanaiga Wamarekani, hata namna ya kusimama. Yeye alikuja na sauti ya mtoto wa Temeke, nusu anaimba nusu anaongea, analia na kuchekesha kwenye ubeti mmoja, na habari zake ni za chakula, kodi ya chumba, demu na dharau za wenye nazo. Mtu wa Masaki alilazimika kumsikiliza mtu wa Temeke. Kwa maoni yangu hicho ndicho kilele chake, na hakuna aibu kukisema, kwa sababu wengi hawafiki hata nusu ya hapo.

Baada ya hapo aliendelea kutoa nyimbo na kupanda jukwaani, na akipanda watu wanapagawa. Lakini muulize shabiki akutajie nyimbo tano za Nature, uone ngapi ni za baada ya 2005.

Mtaani jibu huwa jepesi: kaishiwa mistari, au kalewa sifa. Mimi sikubaliani. Sikiliza tena kazi za kipindi kile utagundua Nature hakuwa peke yake. Nyingi zilipikwa Bongo Records na P-Funk Majani, na pembeni kulikuwa na kundi la Wanaume TMK, vijana wa mtaa mmoja wanaoshindana kila siku nani atatoa mstari wa kuchekesha zaidi. Hilo kundi ndilo lilikuwa kiwanda. Katikati ya miaka ya 2000 likagawanyika, Nature na wenzake kina KR Mullah wakaunda Wanaume Halisi, na Mheshimiwa Temba, Chege na wengine wakabaki TMK Wanaume Family chini ya meneja Said Fella. Mashabiki wa Temeke wakagawanyika hadi kwenye vijiwe. Pande zote mbili zilitoa vitu vya kuchezeka, lakini ule moto wa watu kubanana chumba kimoja haukurudi.

Ushahidi kwamba kiwanda kina uzito uko hapo hapo Temeke. Said Fella siyo mwimbaji, lakini miaka kadhaa baadaye akawa na Mkubwa na Wanawe, na humo ndimo ilimotoka Yamoto Band, kina Aslay, Mbosso, Beka na Enock Bella. Sauti zilikuwa nyingine kabisa, lakini utaratibu ni ule ule: vijana wanakaa pamoja, wanafanya mazoezi pamoja, wanabishana.

Wazee wetu waliyaona haya kabla hata Bongo Flava haijapata jina. Marijani Rajabu aliitwa Jabali la Muziki, na hakuna aliyemwonea. Alipita Safari Trippers, kisha akawa nguzo ya Dar International, na nyimbo kama Zuwena na Mwanameka zinajulikana hadi leo. Dansi la wakati ule lilikuwa na kasoro moja kubwa: vyombo ni vya mwenye bendi. Bendi ikifa, mwimbaji anaondoka na koo lake tu. Dar International ilipokufa miaka ya 1980, Jabali akahamahama kwenye bendi nyingine, sauti ile ile, tungo bado ni zake, lakini hakupata tena watu waliomzoea namna ile. Nyimbo zenyewe zilikuwa zimerekodiwa Redio Tanzania, zinapigwa kila siku, mwenye sauti hapati kitu cha maana. Mwishoni alikuwa anauza kanda Kariakoo. Alifariki Machi 1995, hata miaka arobaini alikuwa amefikisha juzi tu. Ukimwita huyu msanii aliyechuja utakuwa umemkosea. Alifulia bila kuchuja.

Sheria ya hakimiliki ya sasa ilikuja 1999 na COSOTA ikaundwa kutokana nayo, lakini kizazi cha kina Nature nacho kwa muda mrefu kiliishi kwa kuuza albamu kwa msambazaji wa Kariakoo kwa bei ya kukatiwa, ukishasaini imetoka. Halafu zikaja CD za kuchoma na simu za memori kadi, albamu ikafa, ikabaki shoo. Shoo ina maana leo Moro, kesho Dodoma, keshokutwa Mwanza. Studio unaingia saa ngapi? Na ukiwa ndani ya gari la vioo vyeusi, yale maneno ya kwenye daladala ya Mbagala uliyokuwa unayaokota bure unayapata wapi?

Kuna aina nyingine ya kuchuja, nayo haihusiani na kundi. Mr Nice alibuni staili yake akaiita Takeu, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishika nchi zote tatu, harusini hadi shule za chekechea. Tatizo la staili ya namna hiyo ni kwamba inaeleweka haraka, na kinachoeleweka haraka kinazoeleka haraka. Wimbo wa nne ukifanana na wa kwanza, mtoto wa chekechea ndiye wa kwanza kugundua.

Na kwa wale mnaopenda roki, mnamfahamu mtoto wa Unguja, Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar 1946. Mwaka 1985 alitoa albamu yake peke yake, Mr. Bad Guy, haikukaribia mauzo ya Queen. Julai mwaka ule ule akapanda Wembley na wenzake kwenye Live Aid, kama dakika ishirini tu, na mpaka leo watu wanazizungumzia. Innuendo ya Queen ilitoka Februari 1991, mtu anaumwa sana, amefariki Novemba, na humo ndani hakuna dalili ya kuchuja hata kidogo. Wale watatu walikuwa wanamjua.

Kwa hiyo ukitaka kujua msanii wako ameshapita kilele, usiangalie gari lake wala idadi ya walioingia ukumbini. Angalia anaimba kuhusu nini. Akianza kutoa wimbo wa kuwajibu wanaosema amechuja, hapo jua mada zimeanza kuwa adimu. Akirudia wimbo wake mwenyewe kwa mdundo mpya, akimkaribisha dogo anayevuma kwenye kila kiitikio, hizo nazo ni dalili, ingawa ya mwisho naisamehe, maana mara nyingine dogo ndiye anayemwamsha.

Na ukivuka pantoni sikukuu ijayo, tega sikio ule wimbo mpya unapopigwa. Hesabu wanaokwenda kununua mishikaki.