Lavenham: Mji Uliookolewa na Umaskini

Kama umetazama Harry Potter and the Deathly Hallows, ile sehemu ya kwanza iliyotoka 2010, tayari umeiona Lavenham bila kujua. Kile kijiji cha Godric's Hollow, ambako wazazi wa Harry waliuawa, kiliundwa kutokana na picha zilizopigwa katika mji huu wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Waigizaji wenyewe hawakufika. Mafundi wa kompyuta walichukua picha za nyumba, wakazitia theluji na giza, mambo yakaisha. Na kusema kweli hawakuwa na mengi ya kubadilisha. Nyingi ya nyumba zile zimesimama hapo tangu miaka ya 1400 na 1500, zingine zimepinda, zingine zinaegemeana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani usiku.

Wakazi wa Lavenham ni karibu 1,700 tu. Kwa hesabu zetu hicho ni kituo cha matatu, si mji. Lakini majengo yake yanayolindwa na sheria ni zaidi ya 300. Watalii hufika, hupiga selfi mbele ya nyumba moja ya rangi ya chungwa iitwayo Crooked House, hunywa chai, kisha husema: aisee, hawa Waingereza wanajua kutunza historia yao. Hapo ndipo ningependa kubishana kidogo. Kwa karne nyingi hakuna aliyeitunza Lavenham. Lavenham ilifilisika.

Tuanze na pesa, kwa sababu zilikuwepo, tena nyingi. Mwaka wa 1257 mji ulipewa kibali cha soko. Zama hizo huwezi tu kupanga nyanya zako kando ya barabara. Soko lilihitaji ruhusa ya mfalme, na bwana wa ardhi alikula ushuru wake. Mabwana wa Lavenham walikuwa ukoo wa de Vere, Maearl wa Oxford. Ila kilichoupa mji jina hakikuwa soko la kila wiki bali kitambaa. Kiswahili kina neno joho. Leo tunalijua kwa mahafali ya chuo, lakini kamusi za zamani zinalipa pia maana ya kitambaa chenyewe, ile sufu nzito ya kuzuia baridi. Basi Lavenham ilikuwa inatengeneza joho, na joho lake lilijulikana kwa rangi ya buluu. Rangi hiyo ilitoka kwa majani ya mmea uitwao woad, ambayo husagwa, huvundikwa, huchacha na kutoa harufu ya kukufukuza mtaani. Sufu ilitiwa rangi kabla haijasokotwa, ndiyo maana buluu yake ilishika mpaka ndani. Vitambaa hivyo viliuzwa hadi ng'ambo, Ulaya bara.

Nani alifaidika? Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Tajiri wa vitambaa alinunua sufu, akaigawa kwa wanawake waisokote majumbani mwao, halafu nyuzi zikaenda kwa wafumaji, kisha kwa wale wa kukikaza kitambaa majini, na kila mmoja alilipwa kwa kipande alichomaliza. Sufu haikuwa yako, kitambaa hakikuwa chako, na wiki ambayo tajiri hana oda, wewe huna chakula. Wenye kuendesha bodaboda kwa app wataitambua hii hadithi mara moja.

Sonko mkuu wa mji aliitwa Thomas Spring, wa tatu katika ukoo wake kuwa na jina hilo. Alikufa 1523 akiwa mmoja wa watu matajiri zaidi Uingereza nje ya tabaka la makabaila. Katika kodi ya mfalme ya mwaka uliofuata, Lavenham ilihesabiwa miongoni mwa miji 20 iliyolipa zaidi nchini. Ililipa kuliko York, mji wenye kanisa kuu na askofu mkuu! Lakini ukichungulia ndani ya hesabu hizo, mali nyingi ilikuwa mikononi mwa familia chache. Wengine wengi hawakuwa na cha kutozwa kodi ila mshahara wao.

Hizo familia chache ndizo zilizojenga unachokiona leo. Na hapa msomaji aliyekulia mashambani hahitaji kuelezwa sana. Chukua nguzo na mbao za mwaloni, ziunganishe kwa vigingi vya mti, kisha kati ya nguzo suka fito, ukandike udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi, na mwisho upake chokaa. Ni nyumba ya kukandika. Ile ile ambayo mwanasiasa akitaka kuonyesha kwamba alitoka mbali huitaja kwenye mkutano wa hadhara. Tofauti ni ukubwa wa mbao na ubingwa wa maseremala. Mara nyingi fremu nzima ilichongwa na kupimwa uwanjani kwa fundi, kila kiungo kikatiwa alama ya namba za Kirumi, kisha ikafunguliwa, ikabebwa na kuja kuunganishwa kwenye kiwanja, kama kitanda cha kununua dukani.

Mbao hazikukaushwa kwanza. Mwaloni mbichi ni rahisi kuchonga. Ukikauka unakuwa mgumu kama chuma. Kwa hiyo nyumba ilikaukia palepale iliposimama, ikajikunja ilivyotaka. Huo ndio upindaji wanaopigia picha.

Na kulikuwa na kujionyesha. Ghorofa la juu lilijengwa likitokeza mbele ya lile la chini, likiwaning'inia wapita njia. Nguzo za ukutani zilipangwa karibu karibu, nyingi kuliko zilivyohitajika kubeba paa, kwa sababu mwaloni ulikuwa ghali na jirani lazima aone. Katika Water Street walifunika kijito kizima kwa matao ya matofali, kwenye mwaka wa 1500 hivi, kikapita chini ya barabara na nyumba. Jambo moja zaidi: ile picha ya mbao nyeusi tititi juu ya ukuta mweupe, ambayo dunia nzima huiita mtindo wa Tudor (ukoo uliotawala Uingereza 1485 hadi 1603, usichanganye na Tudor ya Mombasa), kwa sehemu kubwa ni fasheni ya karne ya 19. Mwaloni wa Lavenham ulioachwa bila rangi ni wa kijivu, kama majivu baridi. Nyeusi na nyeupe ndiyo iliyosafirishwa hadi makoloni, na ukitaka kuiona huhitaji viza. Simama Harry Thuku Road, Nairobi, utazame uso wa hoteli ya Norfolk. Tutairudia barabara hiyo.

Kwenye uwanja wa soko kuna jengo linaloitwa Guildhall, la mwaka wa 1529 hivi. Lilijengwa na chama cha Corpus Christi, na neno chama hapa nalitumia kwa maana yetu kabisa: wanachama walitoa mchango, walikula pamoja siku ya sikukuu, na mmoja akifa waligharamia mishumaa na maombi ya roho yake. Ila hiki kilikuwa chama cha wenye nacho. Kanisa nalo, la St Peter and St Paul, lilijengwa upya kwa pesa za Earl wa Oxford na za kina Spring. Mnara wake una futi 141. Nje wamechonga nyota ya ukoo wa de Vere na alama ya biashara ya Spring, ile ile aliyogonga kwenye marobota yake ya vitambaa. Mtu alitia nembo ya kampuni kwenye nyumba ya Mungu.

Sasa njoo mwaka wa 1525. Mfalme Henry VIII alitaka kuivamia Ufaransa, kwa kuwa mfalme wa huko alikuwa ametekwa vitani Pavia mwezi wa Februari. Pesa hakuwa nazo. Waziri wake, Kadinali Wolsey, akabuni mchango mpya bila kupitia Bunge, akauita wa hiari. Wakenya tunajua harambee za hiari zinavyokuwa chifu akisimama mlangoni. Na watu walikuwa wameshakamuliwa mikopo miaka michache tu nyuma, mikopo ambayo haikurudishwa. Matajiri wa vitambaa wa Suffolk wakabanwa, wakakubali kulipa, kisha wakarudi nyumbani na kuwaambia wafanyakazi wao: tumekwisha, hakuna kazi tena.

Mwezi wa Mei watu wakamiminika Lavenham kutoka vijiji vya karibu, na masimulizi ya wakati huo yanataja hadi 4,000. Wasokotaji, wafumaji, watu wa kibarua. Ilipangwa kengele za kanisa zipigwe ili kuita umati zaidi, lakini inasimuliwa kwamba tajiri mmoja aliwahi mnarani usiku akatoa ndimi za kengele. Duke wa Suffolk, shemeji yake mfalme, alikusanya askari na kuvunja madaraja, huku akijua vizuri kwamba askari wenyewe ni watu wa hapo hapo na huenda wasipigane. Duke wa Norfolk akaja, akauliza kiongozi wao ni nani. Mzee mmoja aliyeitwa John Greene akajibu kwamba kapteni wao ni Umaskini, na kwamba yeye na nduguye Shida ndio waliowaleta pale. Akaeleza kwa utaratibu: sisi hatuwalaumu matajiri wetu, lakini wao wakikosa pesa za kutulipa, sisi tunakufa njaa.

Ilifanya kazi. Umati ulipiga magoti ukaomba msamaha, wachache wakapelekwa London na kuachiliwa, na mchango ukafutwa. Henry akadai hakujua lolote, lawama zote akamwachia Wolsey. Hao watu hawana hata jiwe la kaburi katika lile kanisa. Mimi nawaona wa maana kuliko Spring na nembo zake.

Na ile barabara niliyosema? Machi 16, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi karibu na Norfolk, ukidai Harry Thuku aachiliwe. Malalamiko yalikuwa kodi ya nyumba iliyopandishwa, mishahara iliyokatwa na kipande. Hakuna Duke aliyekuja kuuliza kapteni wao ni nani. Polisi walipiga risasi, na walioshuhudia walisema walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli nao walifyatua. Zaidi ya watu 20 waliuawa, Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Waingereza waliokuja kututawala walibeba mtindo wa nyumba za Lavenham. Ile kumbukumbu ya kwamba hata mkata wa Suffolk aliwahi kumrudisha mfalme nyuma, waliiacha nyumbani.

Baada ya hapo Lavenham iliporomoka haraka. Joho zito likaanza kupitwa na fasheni, vita vikavuruga masoko ya ng'ambo, na wakimbizi kutoka Uholanzi wakaleta Colchester ufundi wa vitambaa vyepesi na vya bei nafuu. Mwaka wa 1547 serikali ilivifuta vyama vya dini, kwa hiyo hata chama cha Corpus Christi kilikufa kikiwa na jumba ambalo halijafikisha miaka 20. Guildhall ikageuzwa jela, kisha nyumba ya kazi ya mafukara, baadaye ghala. Wajukuu wa wafumaji walifungiwa ndani ya ukumbi waliokuwa wakilia matajiri wao.

Huku miji mingine ya Uingereza ikiendelea kuwa na pesa. Katika karne ya 18 mtu mwenye uwezo aliionea aibu nyumba ya mbao na udongo, ilikuwa ushamba, hivyo akaibomoa au akaificha nyuma ya ukuta wa matofali wenye madirisha yaliyonyooka. Lavenham kuna waliojaribu, lakini wengi hawakuwa na pesa ya matofali. Walipaka lipu juu ya mbao, wakagawa nyumba ya tajiri mmoja kuwa vyumba vya familia kadhaa, wakaishi. Karne ya 19 kulikuwa na viwanda vidogo vya kufuma singa za farasi na mazulia ya makumbi ya nazi. Ndiyo, makumbi. Mji uliowahi kuvisha Ulaya ulikuwa sasa unaitengenezea ya kukanyaga.

Wapenzi wa mambo ya kale walipoamka, karibu wachelewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 jengo la Wool Hall lilifunguliwa mbao kwa mbao lihamishwe. Watu wakapiga kelele, likarudishwa na kuunganishwa tena. Leo ni sehemu ya hoteli ya Swan. Little Hall, nyumba ya karne ya 14 pale sokoni, ilinunuliwa na pacha wawili wa Gayer-Anderson waliotumikia himaya kule Misri na Sudan. Robert, mmoja wao, alikusanya vitu vya kale vya Misri. Paka wake wa shaba yuko British Museum, nakala iko Lavenham, na nyumba aliyokaa Kairo, karibu na msikiti wa Ibn Tulun, ni makumbusho yenye jina lake. Kila mji umepata kitu, ila unaona nani alibaki na paka.

Siku hizi kubadilisha dirisha tu katika nyumba hizi kunahitaji kibali, na anayeishi ndani ya fito na samadi ni mtu mwenye pesa zake. Guildhall imekuwa chini ya shirika la National Trust tangu 1951. Ina makumbusho na mahali pa kunywa chai, na nyuma yake, karibu na kile kichumba cha mahabusu, kuna bustani wanakootesha mimea ya rangi, woad ikiwemo.