Elimu ya kikoloni na elimu ya sasa Tanzania Bara

Elimu ya kikoloni Tanganyika ilikuwa mfumo wa shule chache zilizokusudiwa kuwapatia watawala makarani, wakalimani na walimu. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890 wakifundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo maakida wao, yaani maofisa wadogo wa utawala, waliihitaji kazini. Waingereza waliowafuata waliigawa elimu kwa rangi: Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi na shule zake, Waafrika wakiambulia fungu dogo kabisa kwa kila kichwa. Mtoto wa Kiafrika aliyebahatika kuandikishwa alikabiliwa na mtihani wa darasa la nne. Akishindwa, alirudi shambani. Shule ya Tabora, aliyosoma Julius Nyerere, baadaye rais wa kwanza wa nchi, awali ililenga watoto wa machifu. Shule za misheni, ambazo mara nyingi husahauliwa katika simulizi hii, ndizo zilizobeba wanafunzi wengi.

Ubaguzi huo wa rangi ulifutwa mara baada ya uhuru. Mwaka 1967 Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Azimio la Musoma la 1974 likataka watoto wote waingie darasa la kwanza. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne katika shule za serikali mwaka 2016, ingawa madarasa yaliyofurika yanaonyesha kwamba kuandikishwa si sawa na kufundishwa. Kuchujwa kwa mitihani kumebaki, na Kiingereza bado ndicho lugha ya kufundishia sekondari.