Mtu wa Juu na Mtu wa Chini: Msumeno katika Historia ya Kazi ya Mbao, Ras Mkumbi na Mlango wa Mafia

Mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kwenye ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Mafia, una tarehe inayojulikana. Ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892, miaka miwili baada ya mkataba wa 1890 uliofungua njia ya Sultani wa Zanzibar kuachia Mafia na pwani ya bara kwa malipo ya marki milioni 4. Msumeno hauna tarehe ya namna hiyo. Hata hivyo, mashua zilizoongozwa na taa ile ziliundwa kwa mbao, na mbao hizo zilipasuliwa na watu. Insha hii inawahusu watu hao. Hoja yake ni kwamba msumeno wa mnyororo, ambao maandishi ya uhifadhi huutaja zaidi kama adui wa msitu, hauwezi kueleweka katika kumbukumbu za waliouendesha bila kuanza na uzito wa kazi iliyoutangulia.

Kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Gogo lilipandishwa juu ya jukwaa la miti au kulazwa juu ya shimo, likachongwa ubavu, kisha likapigwa mistari kwa uzi uliochovywa masizi. Mpasuaji mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake chini yake. Meno ya msumeno ule mrefu yalikata yakishuka: mtu wa chini alivuta, mtu wa juu akaunyanyua na kuurudisha kwenye mstari. Hivyo ustadi ulihesabiwa kuwa wa mtu wa juu, na unga wa mbao ulikuwa wa mtu wa chini, machoni, masikioni na kwenye jasho la shingo. Wawili hao walihitaji kupumua pamoja. Mmoja akiharakisha, msumeno ulipinda na ubao ukaharibika. Ndiyo maana wapasuaji walioelewana walidumu pamoja, na kutafuta mwenzi mpya halikuwa jambo dogo. Historia ya kazi katika Afrika Mashariki imeandika mengi kuhusu manamba wa mkonge na makuli wa bandarini. Mtu wa chini bado hajapata nafasi yake.

Sababu mojawapo ni namna nyaraka zilivyotungwa. Ng'ambo ya mlango wa bahari, magharibi ya Mafia, iko delta ya Rufiji, ambako serikali ya Kijerumani ilianza kutenga misitu ya mikoko mwaka 1898. Utawala huo ulitaka kujua mti uliokatwa na ushuru uliolipwa. Boriti zilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini, na hesabu ya korja haionyeshi ni mikono mingapi iliyozikata.

Msumeno wa mnyororo wenyewe ulizaliwa mbali na mikoko. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu msumeno wa petroli katika mlima Dolmar, Ujerumani. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 58 na ilihitaji watu wawili, kana kwamba injini nayo haikuweza kuachana na desturi ya zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilipungua uzito ikatosha mikono ya mtu mmoja. Joseph Cox, mkata miti wa Marekani, alibuni jino jipya la mnyororo baada ya kutazama buu linavyotafuna kisiki, na Stihl Contra ya mwaka 1959 ilieneza zaidi mashine ya mtu mmoja. Mtu wa chini akaondolewa kazini. Alipata nafuu ya kutoka shimoni, lakini alipoteza pia ujira, na kumbukumbu yoyote njema ya mashine hizi lazima ibebe mambo hayo mawili kwa pamoja.

Nchini Tanzania mabadiliko hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Uhaba wa fedha za kigeni uliofuata Vita vya Kagera vya 1978–79 uliadimisha vipuri. Mashine isiyo na plagi ni chuma tu, ilhali msumeno wa mikono ulihitaji tupa na chakula cha wapasuaji. Katika mazingira hayo mwendeshaji hodari alikuwa fundi kuliko mkataji: alijua kuchanganya petroli na oili kwa kipimo, kusafisha kabureta, kunoa jino moja baada ya jingine kwa tupa ya mviringo, na kutambua kwa sikio injini inapoanza kuchoka. Mnazi, mti uliotawala mashamba ya Mafia, ulimjaribu zaidi. Shina lake ni gumu nje na laini ndani, na chembechembe za silika zilizomo humaliza makali upesi. Mashine za zamani zilitetemesha mikono hadi vidole kufa ganzi, na nyingi hazikuwa na breki ya mnyororo. Mapenzi ya waendeshaji kwa mashine hizo hayakuwa ya kutojua hatari.

Wahifadhi wana haki yao: mtu mmoja mwenye injini huangusha kwa siku miti ambayo wawili wangeihangaikia kwa siku kadhaa. Mnyororo pia hula njia pana kuliko msumeno mwembamba wa mikono, na mbao inayopotea ni unga. Lakini kuishtaki mashine pekee ni kumsahau mnunuzi.

Ugumu mwingine wa mtafiti uko kwenye mashua yenyewe. Huko Jibondo, kusini mwa Mafia, ambako uundaji wa vyombo umedumu, ubao ukishafika kwa fundi huchongwa kwa tezo kabla ya kufungwa kwenye mataruma na kupigwa kalafati. Alama zilizonyooka za msumeno wa watu wawili na mikwaruzo mipana ya mnyororo huondoka zote kwa tezo ileile. Chombo kikipita Ras Mkumbi, ubavu wake hausemi ulipasuliwa na nani. Wanaoweza kusema ni waliokuwa juu ya gogo na chini yake, na wengi wao sasa ni wazee.