Kivumishi cha Simba: Kutoka Ugiriki hadi Mto Mara

Kati ya Julai na Oktoba nyumbu hujaa kaskazini mwa Serengeti, wakivuka Mto Mara maeneo ya Kogatende na Lamai, jirani na vijiji vya Tarime. Simba huwavizia kingoni. Katika elimu ya wanyama, mwindaji na mwindwa hawa wanachangia neno moja la Kigiriki: chaite, yaani nywele ndefu zinazoning'inia.

Ni neno la kale. Homer alimsifu Poseidon, mungu wa bahari, kwa nywele nyeusi akitumia kivumishi kilichoundwa nalo. Vivumishi ambatani vya Kigiriki mara nyingi havikutenganisha kiume na kike. Vilipoingia Kilatini vilivikwa miisho mitatu: -us ya kiume, -a ya kike, -um ya isiyo na jinsia.

Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliwapa wanyama majina ya maneno mawili, jenasi na spishi, kwa Kilatini. Mwaka 1812 Lichtenstein, Mjerumani, aliunganisha "ndevu" na "nywele" akapata Connochaetes, jenasi ya nyumbu. Mwaka 1842 Mwingereza Charles Hamilton Smith alimwita simba wa Rasi, kule Afrika Kusini, melanochaitus: mwenye manyoya meusi shingoni. Simba wa Rasi wakamalizwa kwa risasi, jina likabaki. Mwaka 2017 wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, waliwaweka chini yake simba wote wa kusini na mashariki mwa Afrika, hata wale wa Serengeti wenye manyoya ya rangi ya majani makavu.

Leo huandikwa Panthera leo melanochaita, kwa sababu Panthera ni ya kike. Nyumbu alifuata njia ya kinyume: mtaalamu wa viumbe Burchell alimwita Antilope taurina, na alipohamishiwa Connochaetes, jenasi ya kiume, akawa taurinus. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai upatanisho huo. Kwa Mkurya au Mngoreme, mwenyeji wa Mara aliyezoea ngeli tangu utotoni, sheria hiyo si ngeni: nomino huongoza, kivumishi hufuata.

Kilatini hakina tena wazungumzaji wazawa, ila sarufi yake bado inatoa amri. Wataalamu wakimhamishia simba kwenye jenasi ya kiume, atarudi kuwa melanochaitus, na rangi ya manyoya yake haitaulizwa.